Saini ya pili: barua ya wazi kwa wakubwa wa Kinshasa

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri,
kwa Mama Waziri Mkuu,
kwa waheshimiwa maspika wa mabunge yetu mawili, na kwa wakuu wa vyama vilivyomo serikalini na vile vinavyongoja mlangoni:

Nawasalimu kutoka Kisangani, ambako nafundisha historia katika shule ya sekondari. Sina kadi ya chama chochote, na siombi wizara.

Maneno "serikali ya umoja wa kitaifa" hayakauki midomoni mwa watu. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa na waasi wa M23, tuliahidiwa serikali ya namna hiyo. Miezi ikapita katika mashauriano, na mwezi wa Agosti tukasomewa orodha ambayo sehemu kubwa ya majina yake tulikuwa tumeyazoea. Maaskofu wa Kikatoliki na viongozi wa makanisa ya Kiprotestanti nao wamekuwa wakihimiza mazungumzo ya kitaifa, na hata wanafunzi wangu wanajua mazungumzo ya aina hiyo huishia wapi: orodha nyingine, itasomwa RTNC, televisheni ya taifa, na mitaani kila mtu atatafuta jina la mtu wa kwao.

Ninachoomba ni karatasi inayopaswa kutangulia orodha. Nikiieleza bila historia mtaniona mtu wa makaratasi tu, kwa hiyo mnivumilie niwarudishe kwanza kwenye baraza la mawaziri la mwanzo kabisa la Jamhuri hii, ambalo lilikuwa la muungano.

Juni 2022, jeneza lenye jino la Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wetu wa kwanza, kitu pekee kilichosalia cha mwili wake, lilipitishwa hapa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Hotuba zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa nzuri. Ila katika zile nilizozisikia, hakuna aliyezungumzia serikali yake. Lumumba tunamkumbuka peke yake, kana kwamba alitawala peke yake. Ukweli ni kwamba aliongoza baraza la watu 37, ukihesabu mawaziri, mawaziri wa nchi na makatibu wa dola, kutoka vyama zaidi ya kumi. Chama chake cha MNC kilishinda uchaguzi wa Mei 1960, lakini hata pamoja na washirika wake wa karibu hakikufika theluthi ya viti 137 vya Bunge. Bila wengine asingeweza kutawala hata siku moja.

Angalieni jinsi lilivyoundwa. Tarehe 13 Juni, waziri wa Kibelgiji aliyeletwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kusimamia wiki za mwisho za ukoloni, Walter Ganshof van der Meersch, alimpa Lumumba kazi ya kupima kama kuna wingi wa wabunge unaoweza kupatikana. Siku nne baadaye akamgeukia Joseph Kasa-Vubu, kiongozi wa ABAKO, na kumwambia aunde serikali. Tarehe 21 Bunge likamchagua Joseph Kasongo, mtu wa upande wa Lumumba, kuwa spika, kwa kura 74 dhidi ya 58 za Jean Bolikango. Hapo ikadhihirika nani ana wingi, na kazi ikarudi kwa Lumumba. Zilibaki siku tisa tu kabla ya uhuru. Kila chama kilikuwa na bei yake: ABAKO walitaka urais wa Jamhuri kwa Kasa-Vubu na wakaupata, pamoja na Wizara ya Fedha kwa Pascal Nkayi. PSA walipata Naibu Waziri Mkuu, Antoine Gizenga, na Elimu kwa Pierre Mulele. CEREA ya Kivu ilipata Habari kwa Anicet Kashamura. Balubakat walipata Sheria kwa Rémy Mwamba. Mambo ya Nje yalikwenda kwa Justin Bomboko, kijana wa Équateur aliyesoma chuo kikuu Brussels, jambo ambalo wakati ule lilikuwa la nadra mno miongoni mwa Wakongo. Ulinzi Lumumba alibaki nao mwenyewe, na katika ofisi yake akamweka katibu wa dola aitwaye Joseph-Désiré Mobutu.

Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24, Bunge likapiga kura ya imani. Kura za ndiyo zilikuwa 74 kati ya wabunge 137. Wabunge 57 hawakuwemo ukumbini. Kwa baraza lililokuwa na mawaziri kutoka karibu kila chama kikubwa, hiyo ni kura ya kutisha. Wapo waliopata wizara na watu wao wasiende kupiga kura.

Mtaniambia Wabelgiji ndio waliovuruga, na Wamarekani, na makampuni ya madini. Sibishi. Bunge la Ubelgiji lenyewe liliunda tume, na mwaka 2001 tume hiyo ikakiri kwamba baadhi ya mawaziri wa Kibelgiji walibeba wajibu wa kimaadili kwa mauaji ya Lumumba. Lakini maadui wa nje walikuwepo Ghana na Guinea pia. Linalonisumbua kila mwaka ninapofika sura hiyo darasani ni urahisi. Serikali iliyopigiwa kura na mabunge mawili iliangushwa kwa tangazo moja la redio na saini mbili za watu waliokuwa ndani yake.

Kuna msemo kwamba mafahari wawili hawakai zizi moja, na wengi wanaueleza mwaka 1960 kwa msemo huo. Mimi naona unatupa uvivu wa kufikiri, maana hao wawili walikaa. Waasi wa Force Publique, jeshi lililorithiwa kwa wakoloni, walipoanza Julai, baada ya kamanda wao Mbelgiji, Jenerali Janssens, kuwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru, Rais na Waziri Mkuu walipanda ndege moja wakazunguka nchi kutuliza kambi. Moïse Tshombe, mkuu wa jimbo la Katanga, alipotangaza kujitenga kwa jimbo hilo tarehe 11 Julai, wakaenda pamoja mpaka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na wakanyimwa ruhusa ya kutua, wote wawili. Telegramu ya tarehe 12 iliyoomba msaada wa Umoja wa Mataifa ilikuwa na majina yao wote wawili. Uhusiano na Ubelgiji waliukata pamoja. Kwa wiki kadhaa, katika hali mbaya kuliko yoyote aliyowahi kuikuta rais wa nchi hii siku zake za mwanzo, mafahari hao walilala zizi moja.

Kilichokosekana kilionekana siku hiyohiyo ya tarehe 12. Wakati wakubwa hao wawili wakiandika kwa Umoja wa Mataifa, wenzao waliobaki Léopoldville, Naibu Waziri Mkuu Gizenga na Waziri Bomboko wakiwemo, walikuwa wakimwomba balozi wa Marekani askari 3,000. Siku mbili baadaye Kasa-Vubu na Lumumba wakamtumia Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, ujumbe afuatilie hali kwa karibu. Serikali moja ilibisha hodi milango mitatu ndani ya siku tatu. Mpaka leo wanahistoria wanagombana kama Lumumba alikuwa wa Mashariki au Gizenga wa Magharibi, na mimi nadhani wanasoma siasa kubwa mno katika jambo dogo: hawa watu hawakuwa wamekubaliana popote nani anaamua nini mkubwa akisafiri. Wengi wao walikuwa makarani na walimu wiki chache nyuma. Wizara waligawana, lakini namna ya kufanya kazi pamoja hawakuiandika, na sheria waliyorithi haikuwasaidia.

Sheria hiyo, Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, ilitungwa Brussels kwa mfano wa katiba ya Ubelgiji. Kifungu cha 22 kilisema Mkuu wa Dola huteua Waziri Mkuu na kumwondoa. Kwa Wabelgiji maneno hayo hayakuwa na sumu, kwa sababu mfalme wao hatawali na waziri ndiye anayebeba dhamana. Kwetu Mkuu wa Dola alikuwa kiongozi wa chama, mwenye wabunge wake na ngome yake. Kinga pekee ilikuwa kwamba tendo la Rais halina nguvu bila saini ya pili, ya waziri. Saini ya waziri yeyote.

Walioachwa nje nao lazima niwataje, ingawa kwa ufupi. Bolikango alishindwa uspika, kisha akashindwa urais, kura 43 kwa 159. Albert Kalonji hakuwemo barazani, na Agosti akatangaza Kasai Kusini kuwa nchi yake. Katanga ni kisa chenye aibu zaidi. CONAKAT, chama cha Tshombe, ilikuwa na viti 25 kati ya 60 vya baraza la jimbo. Wapinzani wao wa Balubakat wakagoma kuingia ili akidi isitimie, na katikati ya Juni Brussels ikarekebisha sheria, wiki mbili kabla ya uhuru, ili Tshombe aweze kuunda serikali ya chama chake peke yake. Kwa hiyo taifa lilitakiwa liongozwe na muungano, na jimbo lenye shaba likaruhusiwa kuongozwa na upande mmoja. Tshombe huyohuyo alilalamika kwamba hisa ya watu wake serikalini Léopoldville ni ndogo.

Na kuna jambo dogo ambalo huwa nawasomea wanafunzi polepole. Miongoni mwa mambo ya kwanza wabunge wa 1960 waliyoyafanya ni kupandisha malipo yao kutoka faranga 100,000 kwa mwaka hadi 500,000. Lumumba alipinga. Askari walisikia.

Jioni ya tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu akaenda redioni akatangaza kumwondoa Lumumba na wenzake sita: Gizenga, Mwamba, Gbenye, Kashamura, Bolamba na Lumbala. Saini ya pili ilikuwa ya Bomboko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Lumumba mwenyewe, na baadaye ya Albert Delvaux, mwanabaraza mwingine. Lumumba naye akaenda redioni usiku uleule akatangaza kumwondoa Kasa-Vubu. Tarehe 7 Bunge likafuta matangazo yote mawili kwa kura 60 kwa 19. Seneti siku ya pili yake ikamuunga mkono Lumumba kwa kura 41 kwa 2. Hakuna aliyejali. Umoja wa Mataifa ulikuwa umefunga viwanja vya ndege na kituo cha redio, na tarehe 14 yule katibu wa dola wa ofisini kwa Waziri Mkuu, sasa kanali, akatangaza kwamba anawapumzisha wote.

Yaliyofuata mnayajua. Lumumba akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa Waziri wa Vijana na Michezo, na Joseph Okito wa Seneti. Watu wachache hutaja kwamba mwezi uliofuata, hapa mjini kwetu, upande wa Lumumba ulimpiga risasi Alphonse Songolo, aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano katika baraza lilelile. Mwaka 1968 Bomboko, akiwa tena Waziri wa Mambo ya Nje, alivuka mto kwenda Brazzaville kumleta Mulele, aliyekuwa amekimbilia huko baada ya uasi wake, kwa ahadi ya msamaha. Mulele aliuawa siku chache baada ya kurudi. Hao walikaa meza moja, Mheshimiwa Rais. Mmoja alishika Elimu, mwingine Mambo ya Nje.

Sasa nije kwenu.

Mwaka 2019 tulipata muungano wa CACH, upande wa Rais, na FCC, upande wa mtangulizi wake Joseph Kabila. Rais aliapishwa Januari. Baraza la mawaziri, lenye wajumbe zaidi ya 60, likatangazwa mwishoni mwa Agosti. Miezi saba nchi ilingoja watu wagawane viti. Mkataba wa ndoa hiyo hatukuonyeshwa. Tulisikia habari zake kwa wanasiasa waliokuwa wakishutumiana kwamba mwenzao ameuvunja, nasi hatukuwa na namna ya kujua nani anasema kweli. Julai 2020 zikatoka amri za kuteua majaji, wakiwemo wa Mahakama ya Katiba. Kifungu cha 79 cha Katiba yetu kinataka saini ya Waziri Mkuu. Waziri Mkuu Ilunkamba alikuwa Lubumbashi, na aliyetia saini ya pili ni Waziri wa Mambo ya Ndani, aliyekuwa akikaimu, mtu wa chama cha Rais. Waziri Mkuu akasema alishtukizwa.

Niliposikia habari hiyo niliwaza Septemba 1960. Siwafananishi watu, na namshukuru Mungu safari hii hakuna waziri aliyeuawa. Lakini jeraha ni lilelile, mahali palepale. Na mwisho ulikuja kwa njia ileile: tarehe 6 Desemba 2020 Rais alihutubia taifa kwa televisheni akatangaza kwamba muungano umekwisha. Siku nne baadaye spika wa Bunge akaondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200, baada ya viti kurushwa ukumbini. Wabunge waliochaguliwa chini ya bendera moja wakahamia nyingine, na muungano mpya ukaitwa Mtakatifu. Mkataba wa huo nao uko wapi?

Inashangaza kidogo kwamba tumehifadhi desturi za Brussels zilizo rahisi tukaacha zile zilizo ngumu. Kifungu cha 78 kinampa Rais haki ya kumtuma mtu kupima wingi Bungeni, kazi ileile aliyopewa Lumumba na Ganshof, na Februari 2024 aliifanya Augustin Kabuya. Lakini Wabelgiji wakishamtuma mtu wa namna hiyo, mwisho wa kazi vyama huketi vikaandika makubaliano ya serikali, kurasa kwa kurasa, na magazeti huyasoma. Sehemu hiyo hatukuichukua.

Majirani wamejaribu. Wakenya, baada ya damu ya mwanzoni mwa 2008, waliandika makubaliano ya Kibaki na Odinga, yakatiwa saini hadharani tarehe 28 Februari na kupitishwa na Bunge kuwa sheria. Baraza lao lilikuwa kubwa kupindukia na ugomvi haukuisha, ila raia aliweza kushika karatasi na kusema kifungu fulani kimekiukwa. Wazanzibari mwaka 2010 waliupigia kura ya maoni muundo wa serikali yao ya umoja na ukaingia katika katiba. Nao hawajawa malaika tangu hapo. Angalau wanachogombania kimeandikwa.

Ndiyo maana naomba hivi. Mkiunda serikali nyingine ya muungano, iwe baada ya mazungumzo au bila mazungumzo, mkataba wake utoke katika Gazeti Rasmi kabla ya orodha ya majina, na Mama Waziri Mkuu ausome pale anaposimama mbele ya Bunge kutafuta idhini ya programu yake kama kifungu cha 90 kinavyotaka. Mkataba useme kila chama kimekubali kufanya nini na kwa muda gani, maana "umoja" si programu. Useme nani anaamua nini wakuu wakisafiri, na nani anaruhusiwa kukaimu kwa ajili ya saini ya pili: kama Waziri Mkuu ametoka upande mmoja, anayekaimu asiwe wa upande wa pili bila yeye kuarifiwa kwa maandishi. Useme pia washirika wakikorofishana wataketi wapi kabla mmoja wao hajaenda kwenye kamera.

Kuhusu idadi, najua kishawishi. Kila anayebisha hodi hupewa kiti, na kiti kikikosekana hutengenezwa. Mwaka 2003 tulikuwa na rais mmoja na makamu wanne. Mwaka 2007 tulikuwa na serikali ya watu wapatao 60 chini ya Gizenga yuleyule wa 1960, Mungu amrehemu, na mtoto wa Mobutu akiwa waziri wake. Leo bado mko zaidi ya 50. Kifungu cha 90 kinasema serikali izingatie uwakilishi wa taifa, na mmekisoma kama amri ya kuongeza viti. Mtu wa Masisi, huko Kivu Kaskazini, aliye katika kambi ya wakimbizi hawakilishwi na naibu waziri mwenye jina la kwao ambaye hana bajeti. Atawakilishwa na kifungu cha mkataba kinachosema nini kitafanyika Masisi na waziri yupi ataulizwa kisipofanyika.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya baadaye, kwanza tumalize vita. Mwaka 1960 vilevile kulikuwa na askari waasi, majimbo yaliyojitenga na majeshi ya kigeni nchini, na baraza lililovunjikia mikononi mwa wenyewe ndilo lililowafungulia njia.

Natumaini mtanijibu kwa njia iliyo rahisi kwenu: chapisheni mkataba wa Muungano Mtakatifu kama upo. Kama haupo, semeni haupo, na uandikwe kabla ya mabadiliko mengine ya baraza.

Wenu katika Jamhuri,
mwalimu wa historia, Kisangani

Nakala: Mahakama ya Katiba, Ofisi za Spika wa Bunge la Taifa na Spika wa Seneti, makatibu wakuu wa vyama vyote vyenye wabunge.